Misuli inayodhoofika: mazoezi yanasaidia nini, na mashine za ubongo zinasaidia nini?



Mtu alikuwa akibeba ndoo ya maji bila taabu. Sasa kikombe kinamponyoka, mguu unaburuta, ulimi umekuwa mzito, na misuli ya mkono inapungua huku ikichezacheza chini ya ngozi. Majirani wanasema amerogwa. Huenda ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu inayoamuru misuli. Aina yake inayojulikana zaidi ilielezwa na daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, mwaka 1869.

UGONJWA HUU NI NINI?

Ubongo hupeleka amri kwenye misuli kwa njia ya mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo ikifa, misuli haipati amri, nayo hukonda. Ugonjwa hauambukizi. Kuleni na mgonjwa na mlale naye nyumba moja bila hofu. Mara nyingi anaelewa yote yanayosemwa hata akishindwa kuzungumza, kwa hiyo msimseme mbele yake kana kwamba hayupo.

Udhaifu wa miguu una sababu nyingi. Miguu yote miwili ikikakamaa ghafla kwa mtu anayekula muhogo mchungu usioloweshwa vya kutosha, huenda ni konzo. Huo ni ugonjwa mwingine. Mpelekeni mgonjwa zahanati apimwe.

JE, KUNA DAWA YA KUPONYA?

Hapana. Dawa iitwayo riluzoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, huongeza maisha kwa miezi michache tu. Wagonjwa wengi huishi miaka 2 hadi 5 tangu dalili za kwanza, lakini wachache huishi zaidi. Mwanasayansi Mwingereza Stephen Hawking aliambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1963, akafariki mwaka 2018.

NA MASHINE ZA KUSISIMUA UBONGO?

Madaktari wa nchi mbalimbali wamejaribu kusisimua ubongo bila kupasua kichwa, kwa sumaku au kwa umeme hafifu. Majaribio hayo yalihusu wagonjwa wachache, na hayajathibitisha kwamba mashine hizo zinazuia ugonjwa. Kwa hiyo, mtu akikuahidi uponyaji kwa mashine ya namna hiyo, usiuze mgao wala nguo za watoto ili kumlipa.

MAZOEZI YANASAIDIAJE?

Mazoezi hayarudishi mishipa iliyokufa. Ila yanazuia viungo visikakamae, yanapunguza maumivu, na yanamsaidia mgonjwa kutumia nguvu aliyobaki nayo. Fanyeni hivi:

1. Mgonjwa anayeweza kutembea atembee kidogo kidogo na kupumzika kabla hajachoka. Akiwa bado amechoka siku ya pili, punguzeni.

2. Asibebe mizigo mizito kwa nia ya kujenga misuli.

3. Asiyeweza kujisogeza asogezwe na ndugu. Kunja na kunyosha taratibu vidole, kiwiko, bega, goti na kifundo cha mguu, kila kiungo mara 5 hadi 10, kila siku. Ukifika kwenye maumivu, simama.

4. Usimwinue kwa kumvuta mkono. Bega dhaifu huteguka.

5. Aliyelala muda wote ageuzwe kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda.

6. Anapokula akae wima. Akipaliwa na maji, mpeni uji mzito kwa vijiko vidogo, bila haraka.

NENDENI ZAHANATI UPESI

Mgonjwa akishindwa kupumua anapolala chali, akipaliwa mara kwa mara, au akipata homa na kikohozi, msingoje kesho.

Mwombeni mhudumu wa afya awaonyeshe mazoezi haya mara ya kwanza. Kisha wafundisheni watu wawili au watatu wa nyumbani, wapokezane. Anayemtunza mgonjwa naye anahitaji kulala.