Mganga wa Mbali na Mpaka wa Sheria

Mtu ameketi katika motokaa yake kando ya barabara. Hakuharibikiwa na gurudumu, wala hangojei rafiki. Mkononi ashika simu, na ndani ya simu yaonekana sura ya mganga wake. Ametoka nyumbani asubuhi, akavuka mpaka wa jimbo, ili aongee na mganga huyo dakika chache tu. Kisha atarudi kwake. Mwaka wa 2021 habari za namna hii zilisikika mara nyingi nchini Marekani.

Msomaji mpenzi, labda utauliza: simu yafika popote, kwa nini basi mgonjwa huyu asiongee na mganga akiwa kitandani mwake? Simu haikumzuia. Iliyomzuia ni sheria.

Cheti cha kila jimbo

Marekani ni nchi moja yenye majimbo 50, na kila jimbo hutoa cheti chake cha kuganga. Desturi hiyo ni ya kale. Mwaka wa 1889 Mahakama Kuu ya nchi ile, katika kesi iliyotoka West Virginia, iliamua kwamba jimbo lina haki ya kumkataza mtu asiye na cheti asitibu watu. Siku zile mganga alimwendea mgonjwa kwa farasi. Nani angefikiri kwamba siku moja macho yake na sauti yake vingefika mahali ambapo miguu yake haikufika?

Leo sheria huuliza kwanza: mgonjwa yuko wapi? Mganga akiwa Oregon na mgonjwa akiwa California, yahesabiwa kwamba kazi imefanyika California. Kwa kawaida mganga asiye na cheti cha California aweza kushtakiwa, hata kama amemtunza mgonjwa huyo miaka mingi hospitalini kwake.

Kilio cha wazazi

Lakini tusiharakishe kuwalaumu waliotunga sheria. Mwaka wa 2001, huko California, kijana wa miaka 18, Ryan Haight, alikufa kwa dawa kali za kutuliza maumivu alizozinunua kwa njia ya intaneti. Mganga aliyemwandikia dawa hizo hakuwahi kumwona. Mwaka wa 2008 ilipitishwa sheria yenye jina la kijana huyo. Yaagiza kwamba mganga asiandike dawa za namna hiyo kwa intaneti kabla ya kumpima mgonjwa uso kwa uso walau mara moja, ila katika hali chache zilizotajwa.

Milango yafunguliwa, yafungwa

Korona ilipoingia mwaka wa 2020, majimbo yalilegeza masharti ya vyeti. Bima ya wazee ya serikali, ambayo zamani ililipia matibabu ya namna hii hasa kwa watu wa mashambani waliofika kwanza katika zahanati, ikaanza kuwalipia wagonjwa walioko nyumbani. Wengi walipata nafuu bila safari. Kisha, tangu mwaka wa 2021, majimbo mengi yakarudisha masharti ya zamani, na motokaa zikaanza kuvuka mipaka.

Upo mkataba wa majimbo, ulioanza kazi mwaka wa 2017, unaomwezesha mganga kuomba vyeti vingi kwa njia fupi. Hata hivyo kila jimbo hutoa cheti chake, na kila cheti hulipiwa.

Nani aumiaye?

Mwenye ugonjwa wa kawaida hupata mganga karibu naye. Aumiaye ni yule mwenye ugonjwa adimu, ambaye mjuzi wake yuko jimbo jingine; naye maskini asiye na motokaa huumia zaidi.

Nasi katika Kongo, mganga hana budi kuandikwa katika Chama cha Waganga kabla ya kutibu, na simu zimekwisha kuingia vijijini. Swali lile litatufikia. Ua hulinda shamba, lakini ua usio na mlango humzuia hata mwenye shamba. Yafaa sheria imwulize mganga wa mbali mambo mawili: Wewe u nani, na ukikosa, ni nani atakayekuita ujibu? Akiyajibu vema, mgonjwa na aachwe kitandani mwake.