Chui Mweusi Ni Chui Yule Yule

Chui tunayemfahamu ana manyoya ya njano yenye madoa. Mara chache huzaliwa chui mweusi. Huyu si jini wala si mnyama wa aina nyingine. Weusi wake ni wa kurithi, na ni lazima aupokee kwa baba na kwa mama. Ndiyo maana wazazi wawili wa njano wanaweza kuzaa mtoto mweusi. Akisimama juani, madoa yake huonekana.

Duniani, chui weusi ni takriban 11 katika kila 100, na wengi wako kwenye misitu ya Asia. Afrika ni nadra. Mwaka 2018 watafiti walitega kamera huko Loisaba, Laikipia nchini Kenya, wakapata picha za chui jike mweusi, bado mdogo.

Kwetu Kilimanjaro chui si mgeni. Mwaka 1926 Mchungaji Richard Reusch alikuta mzoga wa chui ulioganda juu ya Kibo, na misitu ya mlima bado ina chui.

Ukikutana naye, wa njano au mweusi, fanya hivi:

1. Usikimbie wala usimzingire. Rudi nyuma polepole.
2. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au afisa wanyamapori.
3. Mbuzi walale kwenye banda imara lenye paa.
4. Akiua mfugo, usitie sumu kwenye mzoga. Sumu huua mbwa na tai, na yaweza kumfikia mtoto. Toa taarifa mapema, ili uweze kuomba kifuta jasho.