Aliyeambiwa Hana Kipawa cha Kuchora

Wanapomkuta mwanafunzi amechora ng'ombe nyuma ya daftari la Hisabati, walimu wengi huliona kosa, wasiione picha. Mtoto huadhibiwa, ukurasa ukachanwa, na aghalabu mambo yakaishia hapo. Leo ningependa kuwasimulia walimu, na wanafunzi wao vilevile, habari za mtu ambaye hukumu kali kuliko hiyo haikummaliza.

David Shepherd, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1931, alifika Kenya mwaka 1949 akiwa na ari ya kuwa bwana nyama. Hakuajiriwa. Akajishikiza katika hoteli moja ya pwani kupokea wageni, huku akichora ndege wa porini na kuuza picha hizo ili apate nauli ya kurejea kwao. Huko nako alibisha hodi katika chuo mashuhuri cha sanaa cha Slade, London. Wakaitazama kazi yake, wakakata kauli kuwa hana kipawa. Nusura awe dereva wa basi.

Aliyemwokoa ni mchoraji Robin Goodwin, aliyekubali kumfunza. Goodwin hakumpa kipawa, alimpa nidhamu. Alimfunza kuwa uchoraji ni kazi kama kazi nyingine, na kwamba mchoraji hangoji moyo umsukume ndipo ashike brashi, kwani naye ana chakula cha kutafuta. Hapa walimu hawana budi kutua, maana shuleni tunazungumza mno juu ya vipawa na kidogo mno juu ya jasho.

Ajabu ni kwamba kwa miaka kadhaa Shepherd alijulikana kwa kuchora eropleni. Mwaka 1960 Jeshi la Anga la Uingereza lilimleta tena Kenya, na wenyeji wake wakamwambia kuwa eropleni wanaziona kila siku. Wao wanataka mnyama. Akawachorea kifaru. Tangu hapo hadi alipofariki mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 86, hakuacha kuchora wanyama, hasa ndovu.

Katika siku hizohizo, nchini Tanganyika, aliona pundamilia 255 wamekufa kando ya maji yaliyotiwa sumu na majangili. Picha zake zikapata kazi nyingine. Mwaka 1973 nakala za mchoro wake wa simbamarara, Tiger Fire, zilichangisha pauni 127,000 za kuwanusuru wanyama hao, na mwaka 1984 akaanzisha wakfu wa uhifadhi.

Huenda msomaji akauliza: je, mtoto wetu naye achore ndovu? Sidhani. Watoto wengi wa Kenya hawajamwona ndovu ila kitabuni au kwenye sarafu ya shilingi 20, na ndiyo sababu ndovu wao hufanana wote; wamenakiliwa. (Baadhi yao hata wana magoti ya binadamu!) Mbuzi wa nyumbani anatosha. Mtoto aliyemchunga mbuzi anajua mguu wa nyuma hukunjika wapi, na shingo hugeuka vipi mbwa anapobweka.

Mtaala mpya umetenga mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu. Ni jambo jema, ila mkono wa mchoraji hauanzi kufanya kazi akiwa na miaka 15. Mwalimu wa darasa la nne anaweza kuanza juma hili: saa moja nje ya darasa, penseli, karatasi, na mbuzi aliyefungwa kando ya ua.