Ulinzi wa Kislavu: Ngao ya Weusi katika Sataranji

Katika sehemu za Kericho na Bomet wapo wengi waujuao mchezo wa drafti, ambao aghalabu huchezwa kwa vizibo vya soda. Sataranji, ambayo wengine huiita chesi, nayo huchezwa juu ya ubao wa mirabaraba wenye nyumba 64; lakini kila upande una askari 8, na nyuma yao wakubwa 8. Mwenye weupe ndiye aanzaye. Kwa hiyo mwenye weusi huwa nyuma kwa hatua moja, na wengi hushindwa mapema kwa kutaka kulipa deni hilo kwa pupa.

Mara nyingi mweupe huanza kwa kumpeleka askari wa mbele ya malkia wake hadi d4. Mweusi humjibu kwa askari wa d5. Ndipo mweupe humweka askari mwingine c4, ambaye aonekana kuwa ni wa bure. Hapo pana hatari. Mweusi akimla, mweupe husogeza askari e3, na njia ya malkia wake hufunguka. Mweusi akitaka kuilinda mali yake kwa askari wa b5, hupigwa kwa askari wa a4; aking'ang'ania kwa c6, askari hulana pale b5, kisha malkia mweupe huja f3 na kuitazama ngome nyeusi iliyo pembeni, a8. Mweusi hawezi kuiokoa ila kwa kumtoa farasi au askofu. Amepata askari mmoja, amepoteza mkubwa.

Dawa yake ni kutokula kwanza, bali kumweka askari c6 mara moja. Huu ndio Ulinzi wa Kislavu, ulioitwa hivyo kwa kuwa mabingwa wa mataifa ya Kislavu waliuchunguza sana. Faida zake ni mbili. Kwanza, askari wa d5 ana mwenziwe nyuma yake. Akiliwa, yule wa c6 hushika mahali pake. Pili, njia ya askofu wa c8 hubaki wazi, ambapo mwenye kutumia askari wa e6 badala yake humfungia askofu huyo nyumbani.

Baada ya hapo mweupe hutoa farasi wake f3 na c3, na mweusi humtoa wake f6. Sasa mweusi aweza kumla askari wa c4. Mweupe akizuia b5 kwa a4, mweusi asigombanie tena askari huyo, bali ampeleke askofu f5, kisha asogeze e6, na askofu wa pili amweke b4, nyumba ambayo askari wa a4 hawezi tena kuilinda. Gharama yake ni kwamba farasi wa b8 hukosa nyumba yake njema ya c6.

Alexander Alekhine na Max Euwe, mwalimu wa hesabu wa Uholanzi, walipogombea ubingwa wa dunia mwaka 1935, na tena 1937, ulinzi huu ulichezwa mara nyingi.

Mkulima wa chai hauchumi mche mchanga. Huukata na kuinamisha matawi yake hata kichaka kitandae, ndipo huchuma majani mawili na chipukizi. Mwenye weusi naye na aimarishe kwanza shina lake, mavuno yatafuata.