Fahamu: Namba ya chasisi ya Land Rover ya zamani inasema nini?

Namba ya chasisi ndiyo cheti cha kuzaliwa cha gari. Rangi, injini na hata bodi hubadilishwa, namba hubaki.

Iko wapi?

Kwenye Land Rover za Series II na IIA, tafuta bamba ndani ya kabini, kisha piga brashi ya waya kwenye kishikio cha springi ya mbele, kulia. Chini ya kutu na matope kuna tarakimu zilizogongwa kwenye chuma. Zisipolingana na bamba wala kadi ya gari, uliza maswali kabla ya kutoa hela.

Kuisoma

Series II, ya 1958 hadi 1961, ni rahisi: tarakimu ya nne ni mwaka. 1419 ni gari fupi la petroli, inchi 88, la 1959.

IIA haitaji mwaka. 242 ni gari fupi la petroli lililouzwa nje ya Uingereza, usukani kulia; 244, usukani kushoto; 243 lilisafirishwa vipandevipande likaunganishwe ugenini. Herufi ya mwisho huonyesha mabadiliko ya muundo, ingawa wauzaji wengine huipachika mwaka wanaoutaka.