Je, Wajua? Mishale ya Kuumbi

Unguja haina nyati wala punda milia leo. Lakini mifupa yao imefukuliwa katika Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani. Enzi za wanyama hao bahari ilikuwa chini, na kisiwa kilikuwa sehemu ya bara. Wanyama walikuja kwa miguu.

Katika pango hilo hilo zimepatikana zana saba za mfupa zenye umri wa miaka 13,000 hivi, tano kati yake zikiwa chembe za mishale. Utafiti ulioongozwa na Michelle Langley, uliochapishwa 2016, ulitazama jinsi chembe hizo zilivyo fupi na nyembamba. Chembe ya namna hiyo peke yake haimwangushi nyati. Watafiti wakaona kwamba huenda zilipakwa sumu.

Jambo hilo linabadilisha hesabu nzima ya mshale. Mwindaji anayetumia sumu hahitaji uzito wa kuvunja mbavu. Anahitaji mshale unaokwenda sawa na kufikisha sumu kwenye damu. Ndiyo maana Wahadzabe, kule Ziwa Eyasi, huhangaika sana na wano, yaani kijiti cha mshale: hulipasha moto, hulinyoosha kwa meno, hulitazama kwa jicho moja, kisha hulirudia tena. Manyoya ya ndege nyuma yake huuzuia mshale usiyumbe. Nao Wawata wa Tsavo, wawindaji wa tembo, walizungushia chembe ngozi laini ili sumu isikauke.

Ustadi huu ni wetu, na Kuumbi inastahili kutembelewa kama Mji Mkongwe.