Birahima ni shujaa ao ni mwenye kosa? Wanafunzi wa Bukavu wanajibu

Mu darasa moja la tano ya sekondari hapa Bukavu, mwalimu wa Kifaransa aliwapa wanafunzi kazi ya kusoma «Allah n'est pas obligé» ya Ahmadou Kourouma. Kisha kila mumoja aandike ukurasa mumoja: Birahima ni shujaa ao ni mwenye kosa? Alituachia zile kaye tukazisoma siku mbili.

Kwa wale hawajasoma kitabu: Birahima ni yatima wa miaka kumi ao kumi na miwili hivi. Anaenda Liberia kumutafuta tantine yake, pamoja na Yacouba, mutu wa dawa na wa ujanja mwingi. Njiani wanavamiwa. Mtoto anapewa kalach, anakuwa askari, kwanza Liberia, nyuma Sierra Leone. Kitabu kilitoka mwaka 2000, na mwaka uleule kikapata Prix Renaudot na Goncourt des lycéens, ile zawadi inayochaguliwa na wanafunzi wenyewe kule Ufaransa. Kourouma alikitoa kwa watoto wa Djibouti, ju ndio walimuomba akiandike.

Wengi wa darasa wanasema Birahima hana kosa. Wanamtaja Kik, aliyerudi kwao akakuta wazazi wameuawa, akabaki bila mutu, akaingia jeshini. Angeenda wapi? Kijana mumoja alileta mambo ya Thomas Lubanga: mwaka 2012 mahakama ya La Haye ilimuhukumu miaka 14 ju ya kuingiza watoto jeshini kule Ituri, na mahakama hiyo haihukumu mutu aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18. Basi, anauliza, kama hata La Haye haimuhukumu mtoto, sisi tunamuhukumu kwa nini? Mwalimu aliandika pembeni: sheria ni kitu kimoja, roho ya mutu ni kingine.

Shujaa? Wawili tu waliandika hivyo, na tunaona walipenda zaidi kalach kuliko kitabu.

Msichana mumoja alisoma kwa jicho lingine. Aliona kwamba Birahima anatoa hotuba ya kilio kwa wenzake watoto-askari, tena si kwa wote, anachagua. Na wale wanakijiji waliopigwa masasi, nani anawalilia? Hakumuita mwenye kosa, lakini alikataa pia kumusafisha. Kwa maoni yetu ndiyo kaye yenye nguvu kuliko zote, hata kama Kifaransa chake kina makosa mengi.

Wachache walisimama kwa mama ya Birahima, yule mwenye kidonda cha mguu. Mtoto aliambiwa mama ni mchawi, akaacha kumupenda, mama akafa. Ile inamulemea kuliko masasi yote. Kwetu Kongo mara nyingi ni kinyume, ni mtoto anayeshitakiwa uchawi, na wanafunzi waliliona haraka.

Halafu kuna kaye moja yenye nusu ukurasa tu. Papa ya huyu kijana alikuwa kadogo: alienda na AFDL mwaka 1996, akiwa na miaka 13. Nyumbani haongei juu ya ile. Majirani wakimuita «Kadogo» kwa mchezo, anacheka, anaingia ndani. Kijana aliogopa kumuuliza. Akafanya hivi: magaribi alikaa naye, akamusomea kitabu kwa sauti, huku akikigeuza mu Swahili, ju papa aliacha masomo siku alipoenda, na Kifaransa cha Kourouma si chepesi hata kwa mwenye diploma. Walipofika pale Kik anakanyaga mine, papa akasema: acha kwanza. Alitoka inje. Akarudi, akasema: endelea.

Kwa ulizo la mwalimu kijana hakujibu kitu. Mwalimu alituuliza ampe pointi ngapi, maana kazi haikumalizika. Tulimwambia ni yeye mwalimu, si sisi, lakini kama ni sisi tungempa zote.

Darasa lina vitabu vitatu tu, vingine ni fotokopi. Kijana ameomba abaki na kimoja mpaka siku ya posho: papa anataka kusikia mambo ya Sierra Leone.